Nilivyoimaliza kuvu kwenye mahindi ya ghalani

Huu ni msimu wa tatu sijaona punje ya kijani kwenye magunia yangu hapa Kiteto, na nayasema haya kwa furaha maana ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mbovu. "Yachemshe vizuri, kuvu inakufa." Kuvu inakufa, ndiyo. Sumu inabaki. Sumukuvu inayotolewa na kuvu ya kijani iitwayo Aspergillus flavus haiharibiwi na moto wa makande wala wa ugali, na ikishaingia kwenye unga huioni wala huisikii mdomoni. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, waliugua watu 317 na 125 wakafariki, hasa kwa mahindi waliyolima wenyewe. Mwaka 2016 ikawa Dodoma na huku kwetu Manyara: macho ya njano, kutapika, tumbo kujaa maji. Hao walikula nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo miaka yote anajitafutia saratani ya ini, na akiwa na homa ya ini B hatari inazidi mara nyingi.

Mahindi yakikauka shambani vunja, usiyaache yaanguke. Kuvu hii inaishi kwenye udongo na mabaki ya mabua, kwa hiyo kupukuchulia na kuanikia chini ni kuipandikiza kwa mkono wako. Turubai, basi. Na gunzi lenye ukungu mweupe au wa waridi litenge pia. Hiyo ni kuvu nyingine, Fusarium, nayo ina sumu yake.

Pale nilipoumia ni kwenye mifuko. Nilinunua ile ya tabaka tatu, nailoni mbili ndani ya kiroba, kama elfu tano hivi mmoja, nikadhani kazi imeisha. Nikaanua mahindi saa tisa alasiri yakiwa bado ya moto, nikajaza hapo hapo, tena nikabakiza hewa juu. Usiku nailoni ikapoa, mvuke wa punje ukageuka matone. Baada ya wiki sita nikafungua: safu ya juu, unene wa vidole vinne, imeshikana kama mkate na inanuka uchachu. Nilipovunja bonge nikaona vumbi la kijani lenye umanjano limekaa kwenye ncha ya punje, pale ilipokuwa imeshika gunzi, karibu na kiini. Mfuko haukaushi kitu. Unyevu unaoingia nao ndio utakaokaa nao.

Sasa napima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, ikauke kabisa, na chumvi ya kawaida uliyoianika juani mpaka inamwagika kama mchanga. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: rudisha turubaini. Ikiteleza yote chini, uko chini ya hapo, lakini mimi huongeza siku mbili za jua kali, maana lengo ni asilimia 13.5. Chota punje katikati ya rundo, za juu zinadanganya. Na usipime asubuhi kukiwa na umande, chumvi yenyewe itanyonya unyevu wa hewa ukayalaumu mahindi bure.

Yakishapita, yaache kivulini usiku mmoja yapoe. Jaza nailoni ya ndani huku ukishindilia, kamua hewa, sokota shingo, ikunje, kaza kwa mpira wa tairi. Halafu ya pili hivyo hivyo, mwisho kiroba. Kabla ya kujaza, puliza nailoni kama puto usikilize pembeni, tundu dogo la scania, yule mdudu anayetoboa mahindi, linatosha kuharibu gunia zima. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na usifungue miezi miwili ya mwanzo.

Kuchambua usikuonee uvivu. Sumu hukaa kwenye punje chache sana, zilizopasuka, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu. Ukizitoa hizo umepunguza sehemu kubwa. Kukoboa nako kunasaidia, kwa kuwa nyingi iko kwenye ganda na kiini, ila ndiyo maana pumba za mahindi mabovu ni mbaya kuliko mahindi yenyewe. "Wape kuku" ni ushauri mwingine ulioniudhi. Kuku wanadumaa na kupunguza kutaga, na ng'ombe akila, sumu inapita kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Kikomo chetu cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumu hii kwa kilo ya mahindi, kiasi ambacho jicho halikioni, kwa hiyo sibahatishi: machambuo yote, hata yakifika debe, nayafukia shimoni.