Robo ya Chupa Yangu, Karen

Treni ya Madaraka Express iliondoka kituo cha Miritini, Mombasa, asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, nami nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi, sweta likiwa begani, kama afanyavyo kila mtu wa Pwani anayeujua msimu huo wa Nairobi. Rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni, ambaye kazi yake humpeleka Cape Town mara kwa mara, alikuwa amerudi na chupa moja ya Meerlust Rubicon, mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, ya mavuno ya 2015, na alikataa katakata kuifungua mpaka sisi wanne tukutane nyumbani kwake Karen, kitongoji cha Nairobi. Wapo watakaoona ni kupita kiasi mtu kusafiri takribani kilomita 470 kwa ajili ya robo ya chupa. Mimi nimewahi kunywa mvinyo mwekundu mzuri nikiwa Mombasa, na ninajua joto letu linaufanya nini. Husemwa kwamba mvinyo wa namna hii unywewe ukiwa na joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni kile cha Ulaya ya zamani, cha nyuzi 16 hadi 18 hivi; sebule yangu hufika nyuzi 26 hata mwezi wa Julai, na hapo kileo hupanda puani na kuyafunika matunda yote.

Tuliipita Voi, tukawaona tembo wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu, na kufikia Mtito Andei tayari nilikuwa nimelivaa sweta langu. Kituoni Syokimau, mwisho wa safari, nilipokelewa na mawingu mazito na ubaridi mkavu. Gari lilitupitisha Southern Bypass, kando ya ua wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeketi Karen, katika nyumba ambayo haikuwashwa moto wala kuhitaji barafu. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 17. Mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ulikuwa umetutengenezea, bila ya gharama yoyote, chumba kile hasa kinachotakiwa.

Meerlust ni shamba la mizabibu lililo karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini, ambalo limekuwa mikononi mwa ukoo wa Myburgh tangu karne ya 18, na upepo wa bahari kutoka False Bay huzipoza zabibu zake wakati wa kiangazi. Rubicon ya kwanza ilitokana na mavuno ya 1980, wakati ambapo mchanganyiko wa aina kadhaa za zabibu kwa mtindo wa Bordeaux, Ufaransa, ulikuwa bado jambo la nadra katika nchi hiyo, na ndiyo maana ulipewa jina la mto aliouvuka Julius Caesar mwaka 49 kabla ya Kristo, akijua kwamba hakuna tena kurudi nyuma. Lililonivutia zaidi ni hili: mavuno yasiporidhisha, kama ilivyotokea mwaka 1985 na tena 1990, wenyewe hawautoi mvinyo wowote kwa jina hilo. Ninamheshimu sana mtu anayekubali kupoteza mauzo ya mwaka mzima ya jina kama hilo ili lisiseme uongo.

Kizibo kilitutia hofu. Mwenyeji wetu alikizungusha kizibuo taratibu, lakini kizibo kilipofika katikati kikakatika, nusu ikabaki shingoni mwa chupa. Hakuna aliyezungumza. Aliiinamisha chupa kidogo, akakiingiza kizibuo kwa mshazari, akavuta kwa pumzi moja, na nusu ile ikatoka nzima, sehemu yake ya chini ikiwa imelowa rangi ya zambarau iliyoiva. Kisha aliumimina mvinyo polepole katika jagi la kioo, huku taa ya simu ikimulika shingo ya chupa, akaacha mara tu alipoyaona mashapo yakisogea.

Tulionja kidogo papo hapo, na nilivunjika moyo. Harufu ilikuwa imejifunga, na ulimi ulikauka kana kwamba nimetafuna bibo lisiloiva vizuri. Nilisema neno lililonijia lenyewe: ukakasi. Mwenzetu mpishi, dada aliyezaliwa Lamu, aliweka glasi yake chini. "Hilo ndilo neno lenyewe, kaka. Miaka yote hii tunahangaika na tanini, kumbe tunalo letu." Ni kweli kabisa. Tanini zinazotoka katika maganda na mbegu za zabibu, na katika mapipa ya mwaloni ulimokaa mvinyo, hushikana na protini za mate, na mdomo hupoteza utelezi wake. Mswahili aliyewahi kula bibo au kunywa chai ya rangi iliyokaa mno kwenye majani analijua jambo hilo tangu utotoni.

Tuliungoja kwa saa moja na nusu. Tuliporudi kwenye glasi, ulikuwa ni mvinyo mwingine. Cabernet Sauvignon, ambayo ndiyo nguzo ya zabibu nne za mchanganyiko huu, ilileta zambarau nyeusi na harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Merlot ilijaza katikati ya ulimi kwa ulaini wa tunda bivu. Cabernet Franc ilipita nyuma kama jani la hoho lililovunjwa. Petit Verdot, ambayo hutiwa kidogo tu, nadhani ndiyo iliyoipa rangi ule uzito wake. Ninazitaja mojamoja, lakini mdomoni hazikutengana, kama vile katika pilau iliyopikwa na fundi mtu hatafuti iliki iko wapi. Kilichouchangamsha wote kilikuwa ni ugwadu, ukali ule wa embe bichi, ambao bila yake utamu ungelala.

Mbuzi choma alipoletwa, mpishi aliziondoa pilipili zote kwenye kachumbari, kwa sababu huuchochea moto wa kileo, akaacha chumvi na mafuta ya nyama vifanye kazi. Ukakasi ulilegea tangu tonge la kwanza. Hapo ndipo mwenyeji alipochukua karatasi na kuanza kuyaandika maneno yetu: ukakasi, ugwadu, zambarau, tumbaku kavu. Tulikwama katika neno moja tu, la ile ladha inayobaki baada ya mvinyo kumezwa. Tulijaribu "mabaki", tukaliona linanuka sufuria. Tukajaribu "mwangwi", mpishi akasema mwangwi ni wa masikio.

Jagi lilikuwa tupu tulipoagana langoni, na baridi ilikuwa imezidi. Mpishi alifungua mlango wa gari, akasita, akapitisha ulimi kwenye kaakaa. "Bado upo," alisema. Mwenyeji alirudi ndani kuyaandika maneno hayo.