Dakika tatu za Augusta: nilivyofika mbele ya kamati ya Bunge la Maine

Nilisomea uuguzi Tanzania na nikafanya kazi wodini Kigoma kabla ya kuja Marekani. Hapa Portland, Maine, cheti kile peke yake si leseni, kwa hiyo nilianza kwa kuogesha na kulisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Leseni ya uuguzi haitoki Washington. Inatolewa na bodi ya jimbo, na bodi inafuata sheria zinazotungwa Augusta, mji mkuu wa Maine, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwetu. Nikaona rais hana cha kunisaidia hapa. Wa kutafutwa ni mbunge wa Bunge la Maine, maana huko ndiko ulikokuwa muswada wa kurahisisha leseni kwa waliosomea nje.

Kumpata ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Tovuti ya Bunge ukiiandikia anwani ya nyumbani inakupa jina la mwakilishi wako, barua pepe na namba ya simu. Nilidhani simu ni ya katibu wake. Nikatuma ujumbe, na jioni ile ile akajibu mwenyewe. Baadaye nilielewa sababu: wabunge wa Maine hawana ofisi zenye watumishi wao binafsi, wanagawana wasaidizi wachache wa chama, na simu inayoita iko mfukoni mwao.

Tulikutana maktaba. Ni mwalimu mstaafu, alikuja na kahawa yake kwenye chupa. Baraza la Wawakilishi la Maine lina wabunge 151 kwa watu kama milioni 1.4, yaani kila mmoja anabeba watu 9,000 hivi. Kwetu hiyo ni kata, tena kata ndogo! Mwaka wa kwanza wa muhula Bunge hukaa hadi Juni, mwaka wa pili hadi Aprili, halafu kila mtu anarudi kwenye shughuli yake: kuna wavuvi wa kambakoche, mawakili, wakulima, wastaafu. Mshahara wa ubunge wa mwaka mzima ulikuwa mdogo kuliko ninaoupata kwa kugeuza wagonjwa usiku. Kila miaka miwili anarudi kwa wapiga kura, na mihula minne mfululizo ikiisha lazima apumzike.

Nilimuuliza pesa za kampeni anatoa wapi. Alitumia mfumo ulioanzishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996: mgombea wa Baraza la Wawakilishi akikusanya dola tano tano kutoka kwa wapiga kura 60 wa eneo lake, jimbo linamlipia kampeni, naye anaacha kuchukua pesa za matajiri. Dola tano ni elfu kumi na kitu za Tanzania. Alizikusanya akigonga mlango kwa mlango, kwenye theluji.

Muswada wenyewe ulikuwa umeshapangiwa kamati. Hapo akanipa ushauri ambao nimewarudia wengi: nguvu iko kwenye kamati. Kamati nyingi huwa na wajumbe 13, maseneta watatu na wawakilishi kumi, na wakishaafikiana, ukumbini mara nyingi ni kupitisha tu. Huko ndiko mwananchi anaposikilizwa. "Takwimu niachie mimi," akasema. "Wewe eleza ulichokuwa unafanya kule na unachofanya hapa."

Kanisani, mama mmoja wa Uvira, Kongo, alinishangaa: "Dada, wewe si raia, utaenda kusema nini kule?" Kupiga kura kunahitaji uraia, kutoa maoni hakuhitaji. Hakuna aliyeniomba hata kitambulisho. Nilimkumbusha pia kwamba mwaka 2022 Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston walichaguliwa, wa kwanza wenye asili ya Somalia katika Bunge hilo. Hakusema kitu, ila siku yenyewe alinisindikiza.

Unapewa dakika tatu. Niliandika kwa Kiswahili kwanza, nikahamishia kwenye Kiingereza, nikawa najisomea ndani ya basi huku simu inahesabu. Kilichonila muda ni salamu. Sisi kujuliana hali tu ni dakika nzima! Nikabakiza wanachotaka wao: Seneta fulani, Mwakilishi fulani, wajumbe waheshimiwa, jina langu, ninaishi Portland, ninaunga mkono. Maandishi nikayatuma mapema kwa mtandao.

Chumba kiko kwenye jengo la Cross, linalounganishwa na Bunge kwa njia ya chini ya ardhi. Aliyeleta muswada huanza, wanafuata wanaounga mkono, kisha wanaopinga. Wajumbe walikuwa wakitoka na kuingia, na mama wa Uvira akanuna akidhani ni dharau. Kumbe mtu mmoja anaweza kuwa na miswada kwenye kamati nyingine saa hiyo hiyo. Nilipomaliza, seneta mmoja akaniuliza: ukipata leseni utabaki Maine? Swali zuri, maana hili ndilo jimbo lenye umri wa wastani mkubwa kuliko yote Marekani, na vijana wanahama. Nikamjibu kwamba wanangu wanasoma hapa, na wazee ninaowahudumia hawana mwingine wa kuwageuza usiku.

Kamati iliupitisha, na mabaraza yote mawili, la Wawakilishi na la Seneti, yakaupitisha. Tukashangilia mapema. Muswada unaohitaji pesa hauendi kwa gavana moja kwa moja. Unawekwa kwenye meza ya Kamati ya Matumizi, pamoja na mingine mingi, ukisubiri kuonekana bajeti imebakiza nini. Wetu ulilala pale, ukavushwa mwaka wa pili, na kikao kilipofungwa Aprili ukafa bila mtu kuupinga hadharani.

Mbunge wetu ataurudisha akichaguliwa tena Novemba. Nimempelekea majina ya wauguzi na daktari mmoja, wote wazungumzaji wa Kiswahili, walio tayari kukaa mbele ya kamati. Wengi wetu hatujajiandikisha kupiga kura, hivyo dola tano zetu hazihesabiwi kwenye zile 60. Kujitolea kugonga milango hakuna anayetukataza, na Jumamosi tunaanza na mtaa wangu.