Ninavyopima presha kabla ya kuandika dawa

Mgonjwa akishuka daladala Mbagala Rangi Tatu, atembee juani hadi kliniki na kufungwa mkanda papo hapo, mashine ikisoma 158/96 simwandikii dawa ya maisha kwa namba hiyo moja.

Kwanza aende msalani, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, bila kupishanisha miguu. Kama amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa, asubiri zaidi. Salamu tunazimaliza mapema: shikamoo, marahaba, za nyumbani, wajukuu hawajambo. Mkanda ukishafungwa simuulizi kitu, kwa sababu atanijibu kwa adabu na namba itapanda.

Wengi hukosea mkononi. Shati la mikono mirefu likikunjwa mpaka likabana, mkono umeshafungwa kabla ya mkanda. Mkono utolewe kabisa. Mkanda ukae kwenye ngozi, ukingo wa chini vidole viwili juu ya kiwiko, na mkono ulazwe mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, kipimo kinasoma juu. Mpira wa ndani ya mkanda, ule unaojaa upepo, uzunguke asilimia 80 ya mkono. Mama mwenye mkono mnene akifungwa mkanda wa kawaida anaweza kuonekana ana presha asiyo nayo, akameza vidonge miaka na miaka. Kwa hiyo kliniki isiyo na mkanda mkubwa naona haijakamilika, hata mashine yake iwe ya bei gani.

Siku ya kwanza napima mikono yote miwili, nafuata uliosoma juu. Narudia baada ya dakika moja. Ikibaki 140/90 au zaidi, anarudi siku nyingine tuthibitishe. Lakini 180/110 yenye maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au udhaifu wa upande mmoja haisubiri siku nyingine. Anapelekwa hospitali sasa hivi.

Kwa aliyeanza dawa na presha haishuki, siongezi kidonge kabla ya kuuliza.

"Dokta, dozi ile niliimaliza, nikapata nafuu."

"Mama, hii si mseto wa malaria wa siku tatu. Pakiti ikikaribia kwisha, unachukua nyingine."

Neno dozi ndilo linalotuponza. Vilevile amlodipini, mojawapo ya dawa za presha, huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Asiyeambiwa tangu mwanzo huiacha kimyakimya, na aliyeambiwa hurudi tukambadilishia. Diklofenaki ya mgongo au magoti nayo hupandisha presha, na mgonjwa haniambii kwamba anaimeza kwa kuwa kwake hiyo ni dawa ya maumivu tu. Ndiyo maana namwagiza kila mmoja aje na pakiti zote, zilizoisha na zisizoisha, pamoja na alizonunua duka la dawa bila cheti. Tunazimwaga mezani, tunazisoma moja moja.