Mtoto kahamia shule mpya, anachowaza yeye sio masomo

Wazazi wenzangu, mtoto akihama shule sisi tunahangaika na yunifomu, madaftari na atashika namba ngapi, wakati mwenyewe kichwani ana mambo mengine kabisa. Binti yangu ana miaka 7, na tulipomwambia anahama hakuuliza hata siku moja kuhusu hesabu. Aliuliza choo kiko wapi, akitaka kwenda ananyoosha mkono au anatoka tu, mapumziko atakaa na nani, na mama ukichelewa kunichukua nasubiria wapi?

Hayo ndo ya kushughulikia kwanza. Tuliomba kwenda kabla hajaanza, watoto wengine hawapo, tukazunguka taratibu, hapa darasa lako, hapa bomba la maji, hapa ndo utanisubiri. Chooni nikamwacha afunge na kufungua komeo mwenyewe mpaka akaridhika, na hili msilidharau jamani, kuna watoto wanabana mkojo siku nzima kwa sababu tu wanaogopa choo cha shule, na wakizoea kubana wanaweza kupata mpaka maambukizi ya njia ya mkojo.

Asubuhi ukimwacha muage, kwa kifupi, halafu nenda. Usimtoroke akiwa anaangalia pembeni hata kama analia, maana akigeuka asikuone kesho atakung'ang'ania mara mbili. Na kama bado hajui saa mwambie nakuja baada ya kengele ya mwisho, sio saa fulani, na hiyo kengele ikilia kweli uwepo.

Sasa kuna kile kilio cha jioni, anarudi mzima tu, ticha anasema leo alikuwa freshi, ila akifika nyumbani analia kisa soksi. Yaani hapo ndo wengi wanaanza kusema shule haifai, lakini mtoto amejikaza kutwa nzima mbele ya watu asiowajua, nyumbani ndo sehemu salama ya kuachia. Mpe kitu ale, mwache acheze au alale, maswali baadaye, na badala ya "shule ilikuwaje" muulize leo ulikaa na nani, mlicheza nini, stori zitakuja zenyewe. Usingizi pia, watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanashauriwa walale masaa 9 hadi 12, na mtoto aliyechoka kila kitu kinakuwa kigumu.

Ticha muombe kitu kimoja tu, amkalishe na mtoto mpole anayependa kuongea. Rafiki mmoja anatosha kabisa kuanzia.

Kuna wanaozoea ndani ya wiki mbili na kuna wanaochukua muhula mzima. Tumbo kuuma kila asubuhi ya shule halafu Jumamosi haliumi sio uongo, hofu inauma kweli. Ila ikiendelea wiki na wiki, au akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, vitu vyake vinapotea, ana alama mwilini asizotaka kuzielezea, usisubiri azoee, nenda shuleni ukaongee na mwalimu maana inawezekana kuna mtu anamwonea.

Na wale marafiki wa shule ya zamani msiwakate ghafla. Wangu anapigiana simu na mwenzake wikiendi, wanacheka weee, na Jumatatu anaenda shule mpya vizuri tu.