Weupe ule haukuwa damu

Simu niliipiga haraka mno. "Daktari, njiti wa kitanda cha tatu amevuja damu ubongoni, daraja la nne, lile kali kuliko yote, pande zote mbili." Mtoto alikuwa na siku tatu duniani, gramu 1,200. Altrasaundi ilinionyesha weupe nyuma ya vyumba vya maji ya ubongo, kushoto na kulia, kama moshi.

Nilipokata simu nikamtazama mtoto mwenyewe. Rangi nzuri, utosi umelala laini, kidole mdomoni. Damu nyingine huvuja kimyakimya, hilo nalijua, ila ya daraja la nne pande zote na mtoto ametulia hivi? Nikarudi kwenye mashine.

Geini, kitufe kinachoongeza mng'ao wa picha, ilikuwa juu, na mimi sikuikagua kabla ya kuanza. Nikaishusha, nikaongeza jeli. Weupe ukafifia lakini haukuondoka. Ndipo nikakumbuka kwamba nilichungulia kwa dirisha moja tu, utosi wa mbele. Kutoka pale mawimbi ya sauti huzigonga nyuzi za ubongo wa nyuma yakiwa yamezikingama, nazo huyarudisha kwa nguvu. Skrini inang'aa pasipo na ugonjwa. Nikamwomba sista amlaze mtoto ubavu, nikaweka probu, kile kifaa cha kutuma mawimbi, kwenye utosi wa nyuma, ambako mawimbi hufuata nyuzi zilivyolala. Moshi ukatoweka pande zote.

Likabaki bonge jeupe ndani ya chumba cha kushoto. Hapa ndipo wengi tunateleza. Koroidi pleksasi, nyama laini inayotengeneza maji ya ubongo, kwa njiti ni nene, na kwenye skrini haina tofauti na damu iliyoganda. Ila ina mipaka yake: haiingii kwenye pembe ya nyuma ya chumba, wala haisogei mbele ya tundu la Monro, mlango unaounganisha chumba hicho na cha katikati. Nililifuata bonge kwa mkato wa mbele na wa ubavu, likaishia pale pale. Nikawasha Dopla, inayoonyesha damu inayotembea: mishipa inapitisha damu. Damu iliyoganda haina mtiririko.

Simu ya pili ilikuwa nzito. Daktari alinyamaza, kisha akauliza, "Mama ameshaambiwa?"

Sikumwambia. Lakini alikuwa mlangoni tangu simu ya kwanza, kanga mdomoni.

"Mama, nilikosea. Mtoto hajavuja damu. Tutampima tena akitimiza wiki, kama wenzake. Njoo uone."

Akaitazama skrini, nadhani hakuelewa kitu. Akauliza kama sasa anaruhusiwa kumfunga kifuani.