Jinsi nilivyodai mshahara wangu Texas nikiwa na viza ya H-1B

Mwaka 2019, nikiwa Texas kwa viza ya kazi ya H-1B, mwajiri wangu aliacha kunilipa mshahara na papo hapo akanitisha nisiondoke. Nimekaa na jambo hili muda mrefu bila kuliandika, kwa sababu viza hizi zikizungumzwa Marekani watu hupanda mori upesi. Upande mmoja unasema wageni wanachukua kazi za wenyeji. Upande mwingine unasema wataalamu hawatoshi, waletwe zaidi. Mimi nilikuwa katikati ya pande hizo, nimekalia kiti cha mtu aliyekuwa anaondolewa, na mimi mwenyewe nikaja kuondolewa. Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wa Dar, Nairobi na kwingineko wanaotafuta njia hii, na pia kwa sababu nina msimamo juu yake.

Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Mwanafunzi wa kigeni akihitimu anaruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka mmoja, na aliyesomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa miezi 24. Baada ya hapo unahitaji viza ya kazi au unafunga mizigo. H-1B ilizaliwa na sheria ya uhamiaji ya 1990. Kwa mwaka zinatolewa 65,000, na nyingine 20,000 zimetengwa kwa waliopata uzamili katika vyuo vya Marekani. Aprili 2018, nilipoombewa mimi, maombi yalizidi 190,000, hivyo ikapigwa bahati nasibu. Nimesema nilipoombewa, kwa maana mfanyakazi hajiombei. Anayeomba ni mwajiri, ruhusa inatoka kwa jina la mwajiri huyo, na ukiachana naye ruhusa nayo inakwisha. Kila kitu kilichonipata baadaye kilianzia hapo.

Kampuni kubwa nilizoziandikia hazikutaka kujisumbua na mhitimu mpya asiye na viza. Aliyenikubali alikuwa dalali: kampuni inayokuajiri kwenye karatasi, kisha inakukodisha kwa kampuni nyingine na kubaki na tofauti ya malipo. Kampuni hiyo sitaitaja. Nilibahatika kwenye bahati nasibu, viza ikaanza Oktoba, nikapelekwa kwenye kampuni ya bima karibu na Dallas.

Huko nilikalishwa pembeni ya mtaalamu wa makamo aliyekuwa amefanya kazi pale zaidi ya miaka 20. Yeye ndiye aliyekuwa akiutunza mfumo wa madai ya bima, mfumo wa zamani ulioandikwa kwa COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu za kompyuta, ambao vijana wa rika langu hatukufundishwa. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza kila kitu na kuandika. Ofisini waliiita kuhamisha ujuzi. Kumbe yeye na wenzake walikuwa wameshapewa tarehe ya mwisho wa kazi, na kiinua mgongo chao kilitegemea wawafundishe watakaokuja. Wamarekani wengi walilisikia jambo la namna hiyo kwa mara ya kwanza 2015, ilipojulikana kwamba wafanyakazi wapatao 250 wa teknolojia wa Disney mjini Orlando walipunguzwa, na baadhi yao walitakiwa kuwafundisha waliochukua nafasi zao, wakiwamo wenye viza za H-1B. Mmoja wao, Leo Perrero, alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti mwaka uliofuata. Mimi niliusikiliza ushahidi ule usiku mmoja chumbani, nikijua kwamba asubuhi nitakwenda kukaa na mtu mwenye maumivu yaleyale.

Mwanzoni hakunisemesha zaidi ya alichoulizwa. Sikumlaumu. Baba yangu alifanya kazi bandarini Tanga, nakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa alipopunguzwa kazini.

Siku moja wakati wa chakula aliniita karibu na jiko la ofisi. Ukutani palikuwa na karatasi ambayo nilikuwa naipita kila siku bila kuisoma. Sheria inamtaka mwajiri abandike tangazo sehemu mbili zinazoonekana mahali pa kazi, likieleza idadi ya wafanyakazi wa H-1B wanaoombwa, aina ya kazi, mshahara na muda. Akaweka kidole kwenye mstari wa mshahara. "Huyu ni wewe," akasema. "Mimi nalipwa karibu mara mbili ya hapa. Nataka ulijue hili, kwa sababu hakuna atakayekwambia."

Jioni nilisoma sana. Wizara ya Kazi ina ngazi nne za mshahara kwa kila kazi katika kila eneo. Ngazi ya kwanza imewekwa chini kiasi kwamba takriban asilimia 83 ya wanaofanya kazi hiyo eneo hilo wanalipwa zaidi. Mimi niliandikwa ngazi hiyo. Wala sikuwa peke yangu: taasisi ya Economic Policy Institute ya Washington ilipochambua maombi ya mwaka wa fedha 2019, ilikuta asilimia 60 ya nafasi za H-1B zimeidhinishwa kwenye ngazi mbili za chini.

Kilichoniumiza zaidi ni kifungu kingine. Sheria ya 1998 inazitaka kampuni zinazotegemea sana wafanyakazi wa H-1B ziahidi kwamba hazitawaondoa Wamarekani ili kuwaweka wageni, na kwamba zimetafuta kwanza wenyeji. Lakini ahadi hiyo haihitajiki iwapo mgeni anayeletwa analipwa angalau dola 60,000 kwa mwaka, au ana shahada ya uzamili. Kiasi hicho cha 60,000 hakijapandishwa tangu 1998. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Shahada ambayo mama aliuza kiwanja ili niipate ndiyo iliyompa dalali uhuru wa kumweka mwenzangu kando kihalali. Niliilia usiku ule, na mpaka leo nikisikia mwanasiasa anasema mfumo huu unawalinda wenyeji, namkumbuka yule mtu na sanduku lake la vitu vya mezani.

Aliondoka. Sisi tulioandika kila alichotufundisha tukaendelea miezi michache, halafu kazi yote ikahamishiwa India. Maandishi yangu yalikuwa mazuri kiasi kwamba mimi pia sikuhitajika tena pale Dallas.

Dalali akaniambia nisubiri mradi mwingine. Mshahara? Utalipwa ukipata mradi. Hapo ndipo nilipoanza kusugua benchi. Nilipogusia kuhama, afisa utumishi akanikumbusha kwamba mkataba unanitaka nilipe dola 15,000 nikiondoka kabla ya muda. Akaongeza kwa upole kwamba wanaweza kuifuta viza yangu wakati wowote.

Wengi wataniuliza kwa nini sikufanya kibarua. Kwa sababu ruhusa yangu ilikuwa ya kazi moja kwa mwajiri mmoja. Kusuka nywele kwa malipo, kulea mtoto wa mtu, kuendesha teksi za mtandaoni, vyote vingehesabika kazi bila kibali, na vingempa dalali silaha ya kunimaliza. Tulikuwa tunaishi wanawake watatu Irving, mji jirani na Dallas: mimi, nesi Mkenya wa kutoka Kisumu, na mama Mkongo wa Bukavu aliyekuja kama mkimbizi. Tulikuwa na upatu na Waswahili wengine wa pale mjini, na zamu yangu ilikuwa mbali. Yule nesi akanipa zamu yake bila kuombwa. Nyumbani mama alisema, "Rudi, mwanangu, ugali upo." Sikumwambia kwamba tiketi yenyewe sikuwa na uwezo nayo.

Nesi ndiye aliyenishtua. "Dada, ile karatasi ya ukutani uliyotusimulia, si ilikuwa na mahali pa kulalamikia?" Ni kweli. Chini ya tangazo huandikwa kwamba malalamiko yanaweza kupelekwa kitengo cha mishahara na saa za kazi cha Wizara ya Kazi. Nilikuwa nimeipiga picha kwa simu.

Nilikwenda kwanza kwenye kituo cha msaada wa sheria kwa wahamiaji. Wakili akanieleza mambo ambayo laiti kila mwenye H-1B angeyajua kabla ya kupanda ndege. Mwajiri hana ruhusa ya kukuweka benchi bila mshahara kwa sababu hana kazi ya kukupa. Deni la mshahara linaendelea hadi akuachishe kazi kwa dhati, maana yake pamoja na kuwaandikia maafisa wa uhamiaji kwamba ajira imekwisha. Wangu hakuandika, kwa kuwa alitaka kuniuza tena mradi ukipatikana. Kumbe kimya chake kilikuwa kinamwongezea deni. Pia mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi adhabu kwa kuondoka mapema. Anaweza kudai fidia ya hasara halisi kwa sheria za jimbo, lakini hilo lazima alithibitishe, na ada ya mafunzo inayolipwa serikalini pamoja na ombi la viza hawezi kumdai mfanyakazi hata senti.

Kisha akaniuliza nina nini mkononi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Nilikusanya barua ya ajira, slipu zote za mshahara, taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ulikatika lini, na nakala ya fomu ya masharti ya kazi ambayo mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi siku anapoanza. Nikachapisha barua pepe zote. Zilizosaidia kuliko zote ni zile nilizomwandikia dalali kila Jumatatu nikisema niko tayari kwa kazi yoyote, naye akijibu, "Endelea kusubiri." Zilithibitisha kwamba ajira ipo na kwamba si mimi niliyekataa kazi. Kama uko benchi leo, ziandike hizo barua. Simu haziachi ushahidi.

Yule mwenzangu wa COBOL nilimtafuta pia. Niliogopa kumwomba. Akakubali siku hiyohiyo, akaandika maelezo yaliyosainiwa ya kazi niliyofanya, tangu lini hadi lini. Mtu aliyepoteza kazi yake kwa ajili ya mpango ulionileta mimi alikaa chini akaandika kurasa mbili ili mimi nilipwe. Tumebaki marafiki.

Fomu ya malalamiko inaitwa WH-4. Haina malipo, na inabidi ipelekwe ndani ya miezi 12 tangu kosa litendeke. Nikaipeleka. Wakati huo nilikuwa naomba kazi usiku na mchana, hospitali moja isiyo ya faida ikanikubali kwenye kitengo cha takwimu. Tangu sheria ya 2000, mwenye H-1B anaweza kuanza kwa mwajiri mpya ombi jipya likishapokelewa, bila kusubiri liidhinishwe na bila kuingia tena kwenye bahati nasibu. Hofu ilikuwa ile miezi isiyo na slipu, kwa kuwa maafisa wanaweza kusema ulikuwa huzingatii masharti ya viza, ukaambiwa utoke nchini kwanza. Na kweli waliomba ushahidi zaidi. Tukapeleka bahasha nene: barua za Jumatatu, maelezo ya mwenzangu, na nakala ya malalamiko, kwa sababu kanuni zinawapa hiari ya kumtazama kwa jicho jingine mfanyakazi aliyedhulumiwa na kusema. Ombi likaidhinishwa.

Malimbikizo ya mshahara yalichukua zaidi ya mwaka. Wachunguzi walipofungua majalada, tuliokuwa benchi tulikuwa wengi. Dalali akalipa. Zile dola 15,000 hakuzitaja tena. Cha kwanza nilichofanya ni kurudisha zamu ya upatu.

Msimamo wangu ni huu. Wanaosema viza hii inatumika kushusha mishahara wana ukweli mkononi, nimeuona ukibandikwa ukutani. Lakini mgeni anashusha mshahara kwa sababu hana ruhusa ya kuondoka. Mpe mfanyakazi viza iliyo mkononi mwake, inayomruhusu kuhama kesho akidhulumiwa, na umlipe sawa na anayekaa naye meza moja, uone kama dalali atabaki na biashara. Septemba 2025 Rais Trump alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Watu wengi nyumbani waliniuliza kama ni mwisho wa njia. Kwa walio nje ya Marekani mlango umebanwa sana. Ila tangazo lile halikugusa kamba inayomfunga mfanyakazi kwa mwajiri, na mwajiri aliyelipa kiasi hicho atakuwa na sababu kubwa zaidi ya kukushikilia.

Wiki iliyopita kijana wa Dodoma anayemaliza uzamili kule Ohio alinitumia mkataba wa dalali nimsomee. Ukurasa wa nne una faini ya kuondoka mapema, na mshahara umeandikwa "kulingana na mradi". Nilimwambia aombe kwa maandishi nakala ya ile fomu ya masharti ya kazi ya Wizara ya Kazi, aangalie ngazi ya mshahara, na aulize atalipwa nini mradi ukikosekana. Amewaandikia mara mbili. Hawajamjibu, na hajasaini.