Sakafu ya joto: mzunguko wa mita 168 nilivyougawa

Mchoro wa sakafu ya joto, yaani mabomba ya maji moto yanayozikwa sakafuni, uliipa sebule ya mita za mraba 24 mzunguko mmoja tu wa bomba. Bomba la milimita 16 likilazwa kwa nafasi ya sentimita 15 hula karibu mita 6.7 kwa kila mita ya mraba, yaani mita 160. Ongeza kwenda na kurudi hadi kwenye manifoldi (kigawanyio cha maji kwa mizunguko yote) iliyo mita 4, ni 168. Pampu haiwezi: maji hupita kidogo, hupoa njiani, na mwisho wa bomba sakafu hubaki baridi. Kupandisha maji hadi nyuzi 50 si dawa, kwani vyumba vyenye mizunguko mifupi ndivyo vitakavyochemka.

Niliufanya miwili, mita 88 kila mmoja. Chumba hupoteza wati 1,200. Maji yakirudi yamepoa nyuzi 5, kila mzunguko unataka lita 1.7 kwa dakika. Nilibana vali kidogo kidogo mpaka kipimo cha manifoldi kikasoma hivyo, maji yakiingia na nyuzi 35. Kwa vigae yanatosha. Zulia zito lingedai moto zaidi.

Na kiungio cha bomba kisizikwe ndani ya zege, hata kimoja.